Siku Nne Bila Mwenyeji

Niliondoka kwa sababu nilikatazwa. Naiweka sababu hiyo mbele ili msomaji asije akadhani nilikwenda kutalii. Sababu ya pili ni macho ya baba yangu.

Baba, Mwalimu Iddi, alifundisha jiografia katika shule ya msingi huko Kondoa kwa zaidi ya miaka thelathini, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake darasa la sita. Kila mwaka alichora ubaoni mto Misisipi kwa chaki ya buluu, kisha akachukua chaki ya kahawia akauchora Misuri unaoingia ndani yake. "Misuri ni mto wa tope," alisema, nasi tukaitikia kwa pamoja, mto wa tope. Siku moja nikanyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, wewe umeuona?" Darasa zima likacheka. Baba akanitoa nje, nikapiga magoti juani mpaka kengele ya mapumziko. Jioni nyumbani hakulisema, nami sikulisema. Tukaishi hivyo miaka thelathini na kitu.

Sasa amekuja kunitembelea Minnesota kwa miezi mitatu, na presha ya macho imeshamla pembeni kote. Anaona katikati tu, kama anayechungulia ndani ya bomba. Daktari wa macho wa hapa hakunificha: matone yatachelewesha lakini hayatarudisha, na hilo bomba litazidi kuwa jembamba. Nilikaa kwenye gari nikalia. Nilipomaliza kulia nikakasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyotutoa mjini.

Mipango ilianza kwenye meza yangu ya jikoni, hapa Brooklyn Park, wiki tatu kabla ya safari. Nilichapa maelekezo kutoka kwenye mtandao, kurasa kumi na moja za pinda kulia, pinda kushoto. Baba alizishika karibu na uso, akazisogeza huku na huku, akazirudisha mezani.

"Ramani gani hii haina hata mto mmoja?"

Ikabidi nikanunue kitabu cha ramani kituo cha mafuta. Alikaa nacho siku tatu, lenzi mkononi, akipima kwa uzi. Siku ya kwanza tushuke na Misisipi kuelekea kusini. Siku ya pili tukate magharibi kwenye nyanda za nyasi mpaka Misuri. Siku ya tatu twende nyika ya South Dakota, kwenye ile ardhi iliyoliwa na maji aliyokuwa akiifundisha sambamba na makorongo ya Kondoa. Siku ya nne turudi. Nilimkumbusha kwamba Misisipi anauvuka kila nikimpeleka Saint Paul. Akasema kuvuka daraja kwa maili sitini kwa saa si kuona, ni kupita.

Ruhusa kazini niliipata bila shida. Nakagua mirija ya hospitali kwenye kiwanda kimoja cha Plymouth, na meneja wangu aliuliza tu naenda wapi. Watu wetu hawaulizi wapi. Wanauliza kwa nani. Tunasafiri sana sisi Watanzania wa hapa, tena mbali, lakini tunasafiri kwenye harusi, msiba na mahafali, na tunalala kwa watu. Mtu mzima kubeba begi kwenda pasipo na mtu wake ni kama kusema amegombana na dunia.

Shangazi Mwajuma, ambaye si shangazi yangu wa damu ila ndiye mkubwa wetu sote hapa mjini, alikuja mwenyewe.

"Nasikia umeomba off kazini. Mnakwenda kwa nani?"

"Kwa mto, Shangazi."

"Mto una kitanda?"

"Tutalala moteli."

"Mzee haoni, Zuhura! Akianguka huko porini uta-call nani? Mwache apumzike, asome Kurani yake, watu waje kumsalimia."

Nilimwambia hasomi tena Kurani, anaisoma kwa moyo, herufi hazioni. Na kama macho yamebakiza kidogo, sioni kwa nini hicho kidogo kimalizikie kwenye kapeti langu. Shangazi aliondoka bila kumaliza chai. Kabla ya jua kuchwa kaka yangu Ramadhani alikuwa amepiga simu kutoka Dodoma.

"Mzee asitoke nje ya mji. Mkiendelea na huo mchezo nairudisha nyuma tiketi yake, aje wiki hii."

Baba alinyoosha mkono nikampa simu. "Ramadhani," akasema taratibu, "ni mimi niliyekuzaa wewe, au nimechanganya?" Upande wa pili kukawa kimya, na ule ukimya ulikula kadi ya simu mpaka ikaisha.

Lakini namjua kaka yangu. Tiketi angeibadilisha kweli. Kwa hiyo alipopiga tena kesho yake nikamwambia asiwe na wasiwasi, tuna mwenyeji. Anaitwa Mama Asha, yuko South Dakota, ameolewa na mtu wa huko. Hilo jina lilitoka lenyewe mdomoni. Ramadhani akashusha pumzi, akaniuliza mbona sikusema tangu mwanzo. Ilipofika jioni mji mzima ulikuwa unamjua Mama Asha, na watu wawili wakasema wanamkumbuka tangu Temeke.

Nilijiona mjanja, nikasahau mila zetu wenyewe. Kwetu mwenyeji haendewi mikono mitupu, na msafiri hatoki bila mzigo wa watu.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nimeshapakia. Jirani yangu Nekesa, nesi Mkenya, alikuwa ametuazima sanduku la barafu kwa ajili ya matone ya baba. "Yakae cool," akasema, "na usimwache mzee a-drive, hata aki-insist." Ndipo gari la Shangazi Mwajuma likaingia. Akashuka na kifurushi: kitenge kizuri cha rangi ya machungwa na pakiti mbili za majani ya chai.

"Vya Mama Asha. Mpe salamu zangu nyingi, na picha yake naitaka."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Ningefanya nini? Baba alikuwa amekaa mbele, mkanda umefungwa, koti la suti na tai juu. Tulipotokea barabara kuu akaniambia, "Sasa umeshamzaa huyo mama, itabidi umlee."

Saa nne tulikuwa tumeupita mji wa Red Wing, na barabara ikatuweka kando ya maji. Chini kidogo ya hapo Misisipi hutanuka mpaka ukafanana na ziwa, vilima vya miti vikiwa vimesimama pande zote mbili. Niliegesha, nikamshika baba mkono, tukashuka mpaka kwenye mawe. Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo kuliko yeye.

Baba alisimama wima akaanza. "Misisipi huanzia kaskazini kwenye ziwa dogo, huelekea kusini, hupokea mito mingi, humwaga maji yake Ghuba ya Meksiko. Hutumika kwa usafirishaji wa nafaka." Yalikuwa maneno ya ubaoni, neno kwa neno, na sauti ilikuwa ile ile ya darasani. Uso wake alikuwa ameuelekeza mbele, hageuki.

 Nikawaza, haoni. Anasoma kichwani. Nimechelewa miaka mitano, na hiyo miaka mitano nilikuwa nachukua zamu za ziada na kumtumia mashati. Nikamuuliza kama anaiona ile mashua nyeupe. Akajibu, "Mashua zipo siku zote kwenye mito mikubwa." Jibu la mwalimu ambaye hajui ni hilo, nalijua tangu darasa la sita.

Tulikula chapati na mayai ya kuchemsha juu ya yale mawe, kisha tukaendelea taratibu hadi Winona. Nilimtia matone, kila jicho tone moja, akalala na tai yake imekunjwa juu ya koti. Sikulala haraka. Nilikuwa namchukia Ramadhani kwa kuwa huenda alikuwa na haki.

Ijumaa, saa moja asubuhi, tulipanda kutoka bonde la mto na nchi ikawa bapa. Mbele yetu kulikuwa na maili karibu mia nne za kwenda magharibi moja kwa moja. Kulia mahindi mafupi, kushoto mahindi mafupi, kisha soya, kisha tena mahindi. Baba alivumilia saa mbili.

"Ngano iko wapi?"

"Hapa wanalima mahindi, Baba."

"Nyanda hizi ni za ngano. Nimefundisha ngano, na kwenye mtihani wa mwisho ilikuja ngano."

"Labda ngano iko mbele."

"Wamebadilisha zao bila kutuarifu," akasema, na akakunja mikono kifuani mpaka tulipoingia South Dakota.

Huko nyasi zilishinda mashamba, ng'ombe weusi wakaanza kuonekana kwa mbali, na mbingu ikawa kubwa kupita kiasi. Tuliswali adhuhuri kwenye kituo cha kupumzikia, kwenye majani, na dereva mmoja wa lori akazima injini yake mpaka tulipotoa salamu. Ramadhani alipiga kwenye simu yangu ya mkononi. Mmefika kwa Mama Asha? Nikamwambia tunakaribia.

Saa kumi na moja jioni, jua bado kali, tulifika Chamberlain, mji ulio kando ya Misuri. Moteli yetu ilikuwa juu ya ukingo, vyumba tisa vya mbao, na mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Anaitwa Judy. Alipouliza kilichotuleta, baba akamjibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka, "Bibi, nimekuja kukagua mto wenu." Judy hakucheka. Alituonyesha kijia nyuma ya nyumba.

Kijia kilikuwa na vidaraja vya mbao vya kushukia, na nilimwachia baba mkono kwa sekunde ili nifunge kamba ya kiatu. Alikikosa cha tatu. Akaanguka kwa magoti, suruali ikachanika, damu ikatoka. Nilimwinua. Nilisikia sauti ya Shangazi wazi kabisa, uta-call nani?

"Turudi ndani, Baba. Tutauona kesho."

"Sirudi."

"Unatoka damu!"

"Damu ni yangu, Zuhura. Nimetoka Kondoa mpaka hapa, zimebaki hatua ngapi? Sirudi ndani."

Judy alikuwa ameona dirishani. Alikuja na plasta na kitambaa cha maji, na kwapani amebeba kiti cha plastiki. Alikiweka pale ukingo unapoanza kuinama, akamsaidia baba kukaa, akapiga goti mwenyewe akamsafisha jeraha. Baba hakumtazama. Alikuwa ameshaanza kazi yake.

Hii ndiyo picha ninayotaka msomaji aione. Mtu mwenye bomba la kuonea, na mbele yake mto mpana wenye vilima vya nyasi visivyo na mti. Hawezi kuuona wote kwa mara moja. Basi akaanzia ukingo wa kushoto, akageuza kichwa polepole, kipande baada ya kipande, mpaka ukingo wa kulia, kisha akarudi. Alifanya hivyo mara nne. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitunga uongo mwingine. Akiniuliza, nitamwambia maji ni ya kahawia kama alivyofundisha, aondoke na furaha yake. Ndipo aliposema.

"Zuhura. Mbona maji ni ya buluu?"

 Misisipi aliusimulia kama ulivyoandikwa. Hapa alikuwa anabishana na ubao wake mwenyewe, na mtu habishani na ubao wake kwa kitu asichokiona. Niliweka mikono mabegani mwake nikalia kwa sauti, mbele ya mwenyeji, bila aibu.

Baba akamgeukia Judy. "Mto huu ulikuwa wa tope."

"Ulikuwa," Judy akasema. "Walijenga mabwawa. Maji yakatulia, tope likazama chini."

"Lini?"

"Nilikuwa msichana mdogo."

Baba alimtazama nywele zake nyeupe kwa muda. Aliuliza tena, kana kwamba hakusikia, na Judy akarudia. Kisha baba akaugeukia tena mto, akautazama mpaka jua lilipoanza kugusa vilima.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilikwenda kulipa nikiwa na kifurushi cha Shangazi. Nilikiweka mbele ya Judy nikamwambia ni zawadi yake, imetoka kwa shangazi yangu wa Minnesota.

"Ananifahamu?"

"Anakufahamu kwa jina jingine."

Alicheka, akataka afundishwe kukifunga. Nilimfunga, yeye akakifungua akakifunga tena vibaya, juu ya suruali yake ya jinzi, na hivyo ndivyo picha ilivyopigwa, yeye na baba kwenye kiti cha plastiki. Chai aliichemsha pale pale. Baba alimwelekeza atie maziwa kwanza, na akanywa vikombe viwili.

Saa sita mchana tulikuwa ndani ya nyika yenyewe. Ardhi ile haianzi taratibu. Unapita kwenye nyasi, mara nyasi zinakatika, na chini yako kuna makorongo na visugulu vya udongo, mistari ya waridi na kijivu, havina jani. Mlangoni tulilipa kiingilio. Watu walikuwa wameegesha magari wakipigana picha. Baba alishuka, akageuza kichwa chake kipande kwa kipande, kisha akaanza kucheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Hii ni Kondoa!"

"Ni Kondoa kabisa, Baba."

"Kwetu watu wa serikali walituambia makorongo haya ni aibu. Walihamisha ng'ombe wetu wote, marehemu babu yako alilia kama mtoto. Hawa wameyawekea geti na karani wa tiketi!" Akaokota kidonge cha udongo, akakisaga kwa vidole, akakinusa, akakitemea mate kidogo kukijaribu. Alikuwa mwalimu tena, lakini safari hii alikuwa anatazama kwanza ndipo aseme. Tulikaa huko mpaka alasiri, tukalala mji wa jirani.

Jumapili tulirudi, saa tisa za barabara. Tulipofika tena Misuri aliniomba nipunguze mwendo na nishushe kioo, na magari ya nyuma yakatupigia honi kwenye daraja lote. Niliwaacha wapige. Njiani baba alilala, na mimi nilipata nafasi ya kupima nilichookota. Watu wetu hawakosei wanapouliza unakwenda kwa nani, kwa maana mtu anaanguka kweli, na kiti hakijileti. Wanachokosea ni kudhani mwenyeji lazima awe ameshapigiwa simu. Na mimi nilikosea kumtunga mtu ili niruhusiwe, wakati nilitakiwa kusema tu kwamba tunakwenda.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Shangazi Mwajuma alitualika chakula nyumbani kwake Saint Paul. Watu kama kumi na tano, pilau, na simu katikati ya meza imewekwa spika, Ramadhani yuko hewani. Shangazi akadai picha yake. Nikampa. Aliitazama sana, akaisogeza mbali, akavaa miwani.

"Huyu ndiye Mama Asha?"

"Hakuna Mama Asha, Shangazi. Niliwadanganya. Huyu anaitwa Judy. Baba alianguka, yeye akamletea kiti na kumfunga jeraha. Zawadi yako nilimpa yeye, na salamu zako alizipokea."

 Wale wawili waliomkumbuka tangu Temeke wakawa wanatafuta mfupa kwenye sahani. Shangazi picha hakuirudisha, aliiweka kwenye mkoba wake. Aliyefoka ni Ramadhani.

"Kwa hiyo mmemtembeza mzee siku nne kwa uongo? Akaanguka? Mtu haoni, Zuhura! Hebu niambie, huko aliona nini?"

Nilifungua mdomo kumjibu kaka yangu kama anavyostahili. Baba akainua mkono. Alisimama, akaweka koti lake sawa, akageuza kichwa taratibu kwenye meza yote mpaka aliponipata.

"Zuhura, simama."

Nikasimama, umri wangu wote huu.

"Uliza swali lako la darasa la sita. Kwa sauti, kaka yako asikie."

 "Mwalimu," nikasema, "wewe umeuona?"

"Nimeuona. Si wa tope, ni wa buluu. Na siku ile nilipokutoa nje, ulikuwa umeshakuwa wa buluu." Sauti yake ilikatika, akaingoja irudi. "Ingia ndani ukae, mwanangu."

Nikakaa.